Mzee kasema tumeleta sindimba kanisani: je, kucheza ni ibada?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja wilayani Newala. Tangu mwaka jana vijana wetu na watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu wanacheza wakati wa wimbo wa Utukufu na wakati wa matoleo, na kigango kimechangamka kweli. Dominika iliyopita mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu, alisimama wakati wa matangazo akasema tumeleta sindimba mbele ya altare, na kwamba yeye hakubatizwa ili arudishwe unyagoni. Wengine walimpigia makofi, wengine waliguna. Paroko amesema tumpe maelezo kabla ya Krismasi, la sivyo ngoma zitabaki stoo. Je, kucheza ni ibada kweli, au tunajidanganya? Na mdundo wa kwetu una kosa gani?

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Swali lako la kwanza jibu lake ni fupi: ndiyo, mtu anaweza kumwomba Mungu kwa miguu yake, na yapo Maandiko, zipo hati za Kanisa na wapo Wakristo wa karne nyingi wa kukutolea ushahidi. Nitayafikia. Swali la pili, lile la mdundo, ndilo lenye kazi, na ndilo litakalokukwamisha kwa paroko ukilipita juu juu. Kwa hiyo naanza nalo.

Umeniambia mzee alisema "sindimba", ile ngoma ya mauno ya Wamakonde. Hukuniambia mpiga ngoma wako alikuwa anapiga nini. Hilo ningelitaka kulijua kabla ya jambo lingine lolote, maana huku kwetu mdundo hauji mtupu. Ngoma za jando na unyago zina mipigo yake, mpigo una wimbo wake, na wimbo una maneno ambayo mtu alifundishwa akiwa ndani. Mimi nimechezwa unyago, na yaliyo ya ndani hayaandikwi hapa. Lakini sivunji mwiko nikisema kwamba bibi wa miaka 70 akisikia mpigo fulani hahitaji mwimbaji. Maneno yanamjia yenyewe. Sasa ninyi juu ya mpigo huo mmepandisha "Utukufu kwa Mungu juu". Kijana wako, aliyetahiriwa hospitali asubuhi na jioni yuko kwao anakunywa uji, anasikia Utukufu peke yake. Bibi anasikia mambo mawili kwa pamoja, na moja kati ya hayo halitamkiki mbele ya wakwe.

Ndiyo maana kwenye vigango vya Uwanda wa Makonde ugomvi huu unazuka kati ya rika na rika, na kila upande unasema kweli. Vijana wanaapa kwamba hawakuwa na nia mbaya. Wazee wanaapa kwamba wamesikia walichosikia.

Jina la sindimba lenyewe lisikutishe sana. Baada ya Uhuru ngoma hiyo ilipandishwa jukwaani na kikundi cha taifa, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali, ikaingia mashuleni, na leo yupo mtoto wa Dar es Salaam anayeijua kama ngoma ya mahafali tu, hajui Newala iko upande gani. Kwa hiyo mzee akisema "sindimba" anaweza kuwa na maana ya ngoma yenyewe hasa, au anaweza kuwa na maana ya mauno, yaani chochote kinachozungusha kiuno mbele ya watu. Ni malalamiko mawili tofauti na tiba zake ni mbili. Muulize. Nenda kwake nyumbani, jioni, usiende na kwaya nzima.

Kisha fanya hivi. Siku ya katikati ya wiki mchukue mpiga ngoma, watafute bibi wawili na wazee wawili wenye masikio, mkae nyuma ya kanisa au chini ya mkorosho wowote ulio mbali na njia. Apige kila mpigo mnaoutumia, bila wimbo wowote juu yake, na wewe usiseme ni wa wimbo gani. Uliza tu: huu mnaujua? Tazama nyuso. Bibi akijifunika mdomo kwa kanga akacheka, mpigo huo uache, wala usidai ufafanuzi. Akisema "huu tulikuwa tunapiga tukitoka kuvuna" au "huu wa kumpokea mgeni", umepata hazina, na kwa bahati njema mipigo ya namna hiyo ipo mingi kuliko watu wanavyodhani. Ngoma za Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao haziishii kwenye jando. Zipo za kazi, za mavuno, za kupokea watu, za kufurahia mtoto. Vijana wengi hawazijui kwa sababu siku hizi mahali pekee wanaposikia ngoma ya mkono ni msimu wa unyago. Kwingine kote ni spika.

Nikiwa hapo hapo: mchunguze na mpiga kinanda. Nimekaa kwenye Misa mjini Mtwara ambapo wazee walinung'unikia ngoma, ilhali ngoma zilikuwa zimetulia na kinanda ndicho kilichokuwa kinapiga singeli waziwazi. Hakuna aliyekisema kinanda. Kina heshima ya umeme.

Mtu asikwambie kwamba kuchuja mipigo namna hii ni kuwasujudia wazee tu. Ndivyo Kanisa lenyewe linavyopima. Mwaka 1975 ofisi ya Roma inayoshughulikia ibada ilitoa maelezo kuhusu kucheza katika liturujia, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba dansi haiwezi kuamuliwa bila kujua watu wa mahali pale wanaisomaje. Kwa watu wa Magharibi, ilisema, dansi imefungamana na starehe, kwa hiyo isiingizwe hivi hivi kanisani. Kwa watu ambao kwao kucheza bado ni namna ya kuomba na kusifu, hali ni nyingine. Waafrika wengi tunaisoma hati hiyo kwa furaha, kana kwamba imetupa ruhusa ya jumla. Isome tena. Kipimo chake ni maana ambayo watu wa mahali wanaiona katika mchezo, na Newala wenye kuijua maana hiyo ni wale bibi wawili chini ya mkorosho. Kabla ya hapo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikuwa umesema Kanisa halitaki kulazimisha sura moja kwa watu wote katika yasiyogusa imani, na kwamba mila za watu zipokelewe pale zisipofungamana na ushirikina na upotovu. Hati hiyo hiyo ikataka muziki wa watu wa nchi za misheni upewe heshima yake. Mwaka huo huo wa 1963 jirani yetu wa upande wa Songea, Padre Stephen Mbunga, alichapisha utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Usikubali basi kuambiwa jambo hili ni la vijana wa juzi.

Wala ninyi si wa kwanza huku kusini kukwama hapa. Teremkeni Masasi muulize. Misheni ya Kianglikana, wale wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), ilifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Kwa miaka mingi shida iliyowasumbua mapadre ilikuwa kila msimu wa jando: vijana waliobatizwa wanaondoka, wanaingia porini, wanarudi wamekuwa wanaume mbele ya ukoo lakini padre hajui walichoapishwa. Misheni nyingi za wakati ule zilichukua njia nyepesi, zikakataza, na kilichokatazwa kikaendelea usiku. Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, pamoja na mapadre Waafrika wa pale waliozijua mila kwa ndani, walichagua njia ngumu zaidi. Waliyaacha makambi ya jando yaendelee, wakayaweka chini ya Kanisa, wakaingiza sala na mafundisho, wakaondoa nyimbo na matendo waliyoona hayaendani na ubatizo. Walilaumiwa na wamisionari wenzao, wakaambiwa wanachanganya dawa na sumu. Na kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mimi sishangai. Wanaume walitaka kupanga unyago wa wanawake, na wenye unyago walikuwa na mambo yao.

Ninachokipenda katika habari ya Masasi ni kwamba kazi ya kuchuja ilihitaji watu wanaojua. Mzungu peke yake asingeweza kuutambua wimbo wa kuacha na wimbo wa kubaki, na kijana wa leo aliyekulia na simu mkononi hawezi vilevile.

Sasa Maandiko. Najua umeshaandaa Zaburi ya 150, "Msifuni kwa matari na kucheza", na ya 149. Nzuri, ziweke. Weka na Miriamu katika Kutoka 15, anatwaa tari baada ya kuvuka bahari na wanawake wote wanamfuata wakicheza. Weka Zaburi ya 30, ambamo Mungu anageuza matanga kuwa machezo. Lakini mzee aliyesoma Biblia atakujibu dakika hiyo hiyo: na ndama ya dhahabu je? Musa aliposhuka mlimani alikuta nini, si watu wanacheza? Na binti wa Herodia je, aliyecheza mpaka kichwa cha Yohane kikaja kwenye sinia? Yohane Krisostomo, mhubiri mkuu wa Kanisa la kale, katika mahubiri yake juu ya karamu ile ya Herode, alisema palipo na dansi ndipo alipo shetani. Kwa hiyo ukienda na mistari mitano yeye atakuja na mitatu, na mtamaliza jioni mkihesabiana mistari.

Nenda na habari moja tu, ila uisome yote: 2 Samweli sura ya 6. Kila mtu anaikumbuka aya ya 14, Daudi akicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, amevaa naivera ya kitani. Wachache wanakumbuka kwamba katika sura hiyo kucheza ni mara mbili. Mara ya kwanza ni aya ya 5. Sanduku la Agano limepakiwa kwenye gari jipya la ng'ombe, na Daudi pamoja na nyumba yote ya Israeli wanacheza mbele za Bwana, kwa vinubi, vinanda, matari na matoazi. Furaha ni ya kweli kabisa. Ng'ombe wanajikwaa, Uza ananyosha mkono kulishika Sanduku, anakufa, na sherehe inaishia hapo hapo. Sanduku linakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu. Mara ya pili Daudi anacheza tena, tena kwa nguvu zote, na safari hii linafika Yerusalemu kwa shangwe na kila mtu anarudi kwake na mkate na kipande cha nyama.

Kilichobadilika ni nini? Si kucheza. Walicheza mara zote mbili. Kitabu cha kwanza cha Nyakati, sura ya 15, kinaeleza: mara ya kwanza hawakulibeba Sanduku kama ilivyoagizwa. Mara ya pili Walawi walilichukua mabegani kwa miti yake, waimbaji wakateuliwa, na Kenania akawekwa kuwafundisha wengine kuimba kwa sababu alikuwa stadi. Huyo Kenania ni wewe, mwalimu. Kazi yako imeandikwa mle, na imeandikwa upande wa utaratibu.

Halafu kuna Mikali, mke wa Daudi, aliyemdharau kwa kucheza kwake. Wapenda ngoma wote humkumbuka Mikali, na nakuomba kwa dhati usimwite mzee wako Mikali, hata kwa utani. Malalamiko ya Mikali yalikuwa kuhusu mavazi na heshima ya mfalme mbele ya vijakazi. Daudi hakumjibu kwamba mavazi hayana maana. Alimjibu kwamba ilikuwa mbele za Bwana. Ila angalia Mikali alikuwa wapi: dirishani. Watu wote wa Israeli walikuwa barabarani pamoja na Sanduku, yeye alikuwa anatazama.

Hapo ndipo penye kipimo changu, na paroko akikuuliza jambo moja tu mwambie hili. Nikiingia kanisani kukagua kama kucheza kunakwenda kama ibada, siwatazami wachezaji. Nawatazama waliokaa. Je, wanaimba? Wanapiga makofi, wananesanesa, akina mama wanapiga vigelegele kwa sababu ya Utukufu wenyewe? Basi wanaotembea mbele ni miguu ya watu wote, hata ya yule mzee mwenye mkongojo aliyekaa benchi la nyuma. Au wamenyamaza, wameinua simu, wanarekodi waweke kwenye status? Basi kuna onyesho, na waamini wote wamepelekwa dirishani kwa Mikali. Hati ya Roma ya mwaka 1994 kuhusu liturujia na tamaduni inasema hivyo hivyo katika kifungu chake cha 42: kupiga makofi, kuyumba na kucheza kunaweza kuwa na nafasi katika ibada ya watu ambao kwao wimbo unakuja na mwili, kwa sharti kwamba iwe ni sala ya jumuiya, ya kuabudu, kusifu, kutolea na kuomba, isiwe onyesho tu. Sharti hilo ndilo lenye uzito kuliko ruhusa yenyewe, na ndilo tunaloliruka.

Kuna dalili moja isiyodanganya kabisa. Siku utakapoona mtu anatoka kwenye benchi na noti ya elfu mbili, anakwenda kumbandika mtoto wa Utoto Mtakatifu kwenye paji la uso, simamisha. Amemtunza. Huku kwetu tunawatunza wachezaji wa ngoma na waimbaji harusini, na ni jambo zuri mahali pake, lakini maana yake inajulikana: umenifurahisha, chukua. Hakuna anayemtunza padre kwa kuadhimisha vizuri. Mtoto akitunzwa mbele ya altare, kanisa zima limekwisha kusema linachokiona pale mbele ni burudani, na watoto wengine wameshaelewa mchezo ni wa nani. Dominika inayofuata utawaona wamesogea karibu na wenye fedha.

Ukihitaji kumwonyesha paroko kwamba haya si mambo ya walokole wala ya Waafrika peke yao, anayo mengi ya kuangalia. Makasisi na madebtera (waimbaji wasomi) wa Kanisa la Ethiopia hucheza taratibu kwa fimbo za sala, kayamba za chuma na ngoma kubwa, desturi wanayoihusisha na Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Siku ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari, wanaandamana na tabot, mfano wa Sanduku la Agano, wakicheza mbele yake, na wanajua fika kwamba wanamfuata Daudi. Sevilla, Hispania, wavulana waitwao Seises hucheza mbele ya altare ya kanisa kuu siku ya Ekaristi Takatifu na ya Mkingiwa Dhambi ya Asili. Echternach, Luxembourg, kila mwaka, Jumanne baada ya Pentekoste, maelfu ya watu huandamana wakirukaruka kwenda kwenye kaburi la Mtakatifu Willibrord. Hao ni Wazungu, na hakuna anayewaambia wamerudi upagani.

Na Kongo. Tahadhari na Kongo. Misale ya majimbo ya Zaire, jina la Kongo wakati ule, ilikubaliwa na Roma mwaka 1988, na humo padre na wahudumu huizunguka altare wakicheza wakati wa Utukufu. Papa Fransisko aliadhimisha kwa utaratibu huo katika Basilika la Mtakatifu Petro mwezi Desemba 2019. Vijana wameziona video na wanazileta kama cheti. Lakini ruhusa ile iliombwa na maaskofu wa Kongo, ikafanyiwa kazi miaka mingi, ikapewa majimbo ya kule. Mwalimu wa kwaya wa Newala hawezi kuichukua akaipandisha basi. Kwetu sisi utaratibu ni Misale ya Kirumi kama maaskofu wetu walivyoipokea, na askofu wa Jimbo la Mtwara ndiye msimamizi wa liturujia ya jimbo lake. Ndani ya utaratibu huo nafasi ipo ya kutosha. Nje yake, omba ruhusa.

(Msomaji wa Kilutheri, Kianglikana au Kipentekoste anayesoma haya: majina ya vyeo yatabadilika, na kwenu pengine ni mapambio na timu ya kusifu badala ya Utukufu. Ila kipimo cha wanaotazama na wanaoomba hakibadiliki, na elfu mbili kwenye paji la uso ni ile ile.)

Nafasi zenyewe, kwa uzoefu wangu, zinakaa vizuri zaidi pale ambapo Misa yenyewe inatembea. Kuingia ni mwendo. Kupeleka Kitabu cha Injili siku kubwa ni mwendo. Matoleo ndiyo mwendo mkubwa kuliko yote, na huku kwetu ndio mzuri kuliko yote pia: mama na ungo wa mtama, mtu na mihogo, mwingine na kuku aliyefungwa miguu anayepiga kelele kuliko kwaya, na ukiwa msimu, korosho ghafi. Watu wale wana sababu ya kucheza na wameishika mikononi. Wape hatua nyepesi, mbili mbele na kunesa kidogo, ambayo hata mwenye mzigo kichwani anaiweza, kisha waache wacheze wao wenyewe badala ya kuwatanguliza vijana wa sare kuwachezea. Utukufu nao una furaha yake, ingawa watu wamesimama. Kunesanesa na makofi kunatosha, na watoto wakicheza mbele wawe wachache na wasisimame kati ya altare na watu. Kushukuru baada ya Komunyo, sawa, wimbo mmoja. Wakati wa masomo na wakati wa Sala ya Ekaristi hakuna cha kujadili, tunatulia.

Tena una bahati ya kalenda. Majilio ikianza, Dominika zake hazina Utukufu, na vyombo vinatakiwa vipigwe kwa kiasi. Kwaresima ni zaidi: vyombo ni vya kushikilia sauti za waimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kwaya nyingi hazilijui hili au zinajifanya hazilijui, zinapiga ngoma Dominika ya kwanza ya Kwaresima kama vile ni Pasaka, halafu zinashangaa wazee wakisema ngoma haina adabu. Basi katika wiki hizi nne za Majilio ziache ngoma zipumzike mwenyewe, kabla paroko hajazipeleka stoo. Fanya mazoezi pembeni. Usiku wa Krismasi Utukufu ukirudi, mdundo urudi nao, na hata asiyependa atasikia kwa nini ulinyamaza.

Mavazi na viuno nitayapita haraka kwa sababu mnayajua, ila hamtaki kuyasema. Mauno yanahamishika. Mwili uliozoea ngoma za kwetu unaweza kuutoa mdundo kiunoni ukaupeleka mabegani, mikononi na kwenye visigino, na ukabaki mdundo wa kwetu kabisa. Mama yeyote hodari atawaonyesha wasichana wako jinsi ya kufanya hivyo. Usiwafundishe wewe. Vitenge vya sare virefu vinatosha. Njuga miguuni sina tatizo nazo, ila watoto wakiwa nazo wakae chini wakati wa homilia wasichezeshe miguu. Na tafadhali, kama akina mama watafunga kanga, mtu asome maandishi kabla ya Misa. Nimeshaona maandamano mazuri ya matoleo, mstari mzima umenyooka, na mgongoni mwa aliyebeba divai kumeandikwa fumbo kwa mke mwenza.

Turudi kwa mzee, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kesi. Fikiria alibatizwa lini na na nani. Watu wengi wa umri wake walifundishwa ukatekumeni na katekista aliyewaambia wachague: ngoma au Kristo. Wao walichagua. Wengine walitengwa na wajomba zao kwa uchaguzi huo, wakakosa hata mtu wa kuwasimamia harusi. Leo anaona wajukuu wanaipiga ngoma ile ile mbele ya altare huku wanacheka, na hakuna aliyemweleza ni lini bei aliyolipa ilifutwa. Ukimjibu kwa namba za hati na vifungu utakuwa umemjibu swali ambalo hakuliuliza. Mwite katika lile kundi la chini ya mkorosho. Mpe sauti ya kukataa mpigo, na akikataa, uondoke kweli, hata kama vijana wanaupenda kuliko yote. Na yakibaki mawili matatu aliyoyakubali, basi mwombe yeye awaeleze waamini, wakati wa matangazo yale yale, kwamba mipigo hii ni ya mavuno na ya kupokea wageni na anaijua. Likitoka kinywani mwake linatosha. Likitoka kwako itakuwa ligi.

Maelezo ya paroko yasizidi ukurasa mmoja. Andika mipigo iliyochujwa na majina ya waliochuja, andika ni sehemu zipi za Misa na zipi hapana, andika kwamba hakuna kutunza wala kurekodi, andika kwamba Majilio na Kwaresima ngoma zimetulia. Mwachie yeye hoja za Roma, anazo, alizisoma seminari. Anachotaka kujua ni kama kuna mtu mzima anayesimamia. Akisema bado hapana, itiini hapana yake, mwombeni awaulizie jimboni.

Ile sindimba yenyewe, ya mauno na vumbi, nayo ina pahala pake siku hiyo hiyo. Mtoto mpotevu aliporudi, kaka yake akitoka shamba alisikia nyimbo na machezo, na yalikuwa yanatoka nyumbani, kwenye karamu. Misa ya Krismasi ikiisha, sogezeni ngoma uwanjani, mbali kidogo na mlango wa kanisa, wali ukiwa unaiva. Waiteni na majirani Waislamu, maana bila shaka mpiga ngoma hodari kuliko wote kijijini yuko kwao. Hapo mtunzeni mchezaji mpaka mifuko iishe.